Pedali ikizama: tafuta kosa kabla ya kumimina mafuta ya breki

Wateja wengi hufika kwenye garaji yetu hapa Bukavu wakiwa na chupa tayari mkononi. "Fundi, freni hazishiki, niongezee huile." Chupa wameinunua njiani kwa muuza piesi ambaye hakuuliza hata ni gari gani. Mimi humwomba mtu aiweke kwanza kwenye kiti, kisha namwuliza jambo moja: pedali ilizama asubuhi gari likiwa baridi, au ilizama ukitoka kwenye mteremko?

Jibu la swali hilo ndilo hunionyesha pa kuanzia. Mafuta yaliyochoka huonyesha ubaya wake kwenye joto. Hewa, mpira wa kupitisha mafuta uliokatika au masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) iliyokwisha haingoji joto. Na mafuta yasiyo ya breki kabisa, yakishaingia, huwa na dalili zake ambazo hutazisahau.

Inazama kwenye mteremko, kisha inarudi

Hili ni tatizo la watu wa milimani, na nililijua kabla sijawa fundi. Tulikuwa tunashuka mteremko wa Ngomo kwenda Kamanyola na Noah ya mjomba wangu. Mjomba alikuwa ameweka mguu kwenye breki tangu juu. Kwenye kona ya tatu au ya nne nikasikia harufu ya plaketi, vile vibao vinavyobana diski, zikiungua, kisha nikaona goti lake linaenda mbele kupita kawaida. Pedali ilikuwa imegusa zulia. Akavuta breki ya mkono, akashusha gia hadi L, ile ya chini kabisa, akalibana gari upande wa mlima mpaka likasimama kwenye tuta la udongo. Tukakaa hapo karibu saa nzima tukila karanga bila kuongea. Alipokanyaga tena, pedali ilikuwa juu na ngumu kama hakuna kilichotokea. Abiria mmoja akaanza kuuliza nani hampendi mjomba katika familia.

Hakukuwa na mchawi. Mafuta ya breki ya kawaida, yaani DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 (DOT ni alama ya daraja la mafuta), hunywa maji. Ndivyo yalivyoumbwa. Unyevu wa hewa huingia kupitia tundu dogo la kifuniko cha kichupa cha mafuta kilicho chini ya boneti, na hata kupitia ukuta wa mipira ya breki yenyewe, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Hapa kwetu ambako mvua huanza Septemba ikaendelea hadi Mei, unyevu hauna likizo. Mafuta yakishanywa maji, huchemka mapema. Yakichemka kwenye kalipa, ile sehemu ya gurudumuni yenye pistoni inayosukuma plaketi, hutoa mvuke. Mafuta hayabaniki, ndiyo sababu mguu wako unaweza kusukuma gurudumu lililo mita tatu nyuma yako. Mvuke unabanika, kwa hiyo mguu unaukandamiza huo mvuke na pistoni haisogei. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa maji, pedali inapanda, na dereva anafikiri imepona.

Viwango vya chini vinavyotakiwa ni hivi: DOT 3 ikiwa mpya isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na ikishanywa maji asilimia 3.7 isiwe chini ya nyuzi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imenywa. DOT 5.1 ni 260 na 180. Angalia pengo: DOT 4 iliyozeeka iko chini sana ya DOT 3 iliyofunguliwa leo. Ndiyo maana mtu anayejivunia kuweka DOT 4 miaka sita iliyopita hana cha kujivunia.

Wapo wanaojaza maji ya sabuni kwenye kichupa wakikwama njiani, na huapa kwamba yanashika. Mjini, kwenye tambarare, yatashika. Lakini Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mama wa nyumbani anajua: maharagwe ya Bukavu huchelewa kuiva kuliko ya Uvira. Diski ya breki kwenye mteremko mrefu hupita joto hilo upesi sana. Na hata ukifika salama, maji yale yameshaanza kuotesha kutu kwenye pistoni.

Usichanganye hili na ndugu yake. Kama pedali inabaki juu na ngumu lakini gari haliitiki, na kuna harufu kali, waliochoka ni plaketi, si mafuta. Zimepata joto kuliko uwezo wake. Hapo chupa mpya haitakusaidia kitu. Angalia plaketi kama zimeng'aa kama kioo, na angalia ulizinunua wapi.

Dawa ya pedali inayozama kwa joto ni kubadilisha mafuta yote. Kuongeza juu hakusaidii, kwa sababu mafuta ya breki hayazunguki kama mafuta ya injini. Unayomimina kwenye kichupa hubaki karibu na kichupa. Yaliyochemka yako kule kwenye kalipa, na yatabaki kule mpaka uyatoe kwa kufungua nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea mafuta na hewa. Vitabu vya magari mengi husema kila miaka 2. Kwa teksi inayopanda na kushuka Kadutu kutwa nzima, mimi nasema kila mwaka, na sijaona mtu aliyejuta.

Ni laini wakati wote, kama unakanyaga sponji

Hapa umeamka, gari limelala, na pedali ni laini vilevile. Ikanyage mara tatu nne haraka. Kama inapanda na kukaza, kisha baada ya dakika inarudi kuwa laini, kuna hewa ndani. Swali ni imeingiaje. Kama juzi ulibadilisha plaketi, mpira au kalipa, fundi hakutoa upepo vizuri. Kama hakuna aliyegusa kitu, kuna mahali panavuja, au kichupa kilikauka kikavuta hewa.

Kuna kosa moja nililotafuta siku mbili nzima nikiwa mwanafunzi wa ufundi, na nalitaja ili lisimpotezee mtu mwingine siku mbili. Tulitoa upepo mara tano, pedali ikabaki laini. Kalipa ya kulia ilikuwa imefungwa kushoto na ya kushoto kulia. Zinaingia bila shida, bolti zinakaza vizuri, ila nipo inakuwa chini. Hewa hukaa juu. Ukifungua nipo iliyo chini, mafuta yanatoka safi kabisa na hewa inabaki imekaa juu yake. Baada ya kufunga kalipa, tazama tu: nipo iwe sehemu ya juu kabisa.

Pedali ndefu si sawa na pedali laini. Kama inaenda mbali lakini ikifika inakaza vizuri, na gari lina dramu nyuma badala ya diski, huenda viatu vya breki (vibano vya ndani ya dramu) vimeisha au havijarekebishwa. Rekebisha dramu kwanza, ndipo uongelee mafuta.

Inashuka polepole mguu ukiwa juu yake

Umesimama kwenye foleni pale Feu Rouge, mguu kwenye breki, na unahisi pedali inaondoka taratibu chini ya kiatu. Angalia kichupa. Kama mafuta yanapungua, kuna mvujo wa nje: tazama ndani ya kila gurudumu, kwenye mipira, na nyuma ya masta silinda pale inapoungana na hidrovaki, kile chombo cha vakyumu kinachouongezea mguu nguvu, maana pale huvuja kwa siri na mafuta huingia ndani ya hidrovaki usiyaone. Kama kichupa hakipungui hata kidogo, raba za ndani ya masta silinda zinapitisha. Mafuta yanarudi yalikotoka. Badilisha masta silinda. Sijawahi kufurahia zile zilizofungwa raba za kuokoteza.

Taa nyekundu imewaka

Kwanza hakikisha breki ya mkono imeshuka kabisa. Unacheka, lakini nimewahi kulipwa kwa kazi hiyo.

Kisha fungua boneti, angalia alama za MIN na MAX. Kichupa hushuka kwa njia mbili. Plaketi zikiisha, pistoni husogea nje na mafuta huzifuata, kwa hiyo kichupa hupungua polepole kwa miezi bila tone kuanguka. Ukiongeza bila kuangalia plaketi, siku ya kuweka mpya fundi atarudisha pistoni ndani, mafuta yatafurika na kubabua rangi ya gari. Yakimwagika, mwaga maji mengi mara moja, usifute kwa kitambaa kikavu. Mafuta haya yanakubaliana na maji, yatasafishika. Njia ya pili ni mvujo, na huo hupunguza kichupa kwa siku, si kwa miezi. Gari linalopunguza kichupa kwa siku halitoki garajini.

Kwenye gari za gia ya mkono, klachi nyingi hunywa kutoka kichupa hichohicho, na tundu lake huwekwa juu zaidi ya la breki. Kwa hiyo kama rivasi inakataa kuingia na klachi imekuwa laini ghafla, usikimbilie kwenye klachi. Huenda ni breki zinazovuja na klachi ndiyo imepiga kelele kwanza.

Zinashika zenyewe, magurudumu yanawaka, kifuniko hakifungiki

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, na huletwa na mkono wa mtu. Kijana wa kuosha gari anataka kusaidia, anaona kichupa kimepungua, anachukua mafuta mekundu ya usukani au yale ya injini yaliyobaki, anajaza. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Halafu breki zinaanza kuburuta. Gari linaenda kama limefungwa kamba. Ukigusa rimu, unarudisha mkono. Pedali imepanda juu na haina tena ule mchezo mdogo wa mwanzo.

Fungua kifuniko cha kichupa. Ndani yake kuna raba nyembamba. Kama imevimba, imejikunja kama sikio, na hairudi tena kwenye nafasi yake, umepata jibu. Raba za breki zimetengenezwa kukaa ndani ya mafuta ya breki. Mafuta ya injini na ya usukani huzivimbisha na kuzilainisha. Kilichotokea kwenye raba ya kifuniko kimetokea pia kwenye masta silinda, kalipa na silinda za nyuma. Raba iliyovimba huziba kile kitundu kinachoruhusu mafuta kurudi, ndiyo maana breki zinabaki zimeshika.

Jaribio lake halina gharama. Chukua glasi ya maji safi, vuta mafuta kidogo kwenye kichupa kwa sindano ya plastiki, dondosha. Mafuta halisi ya breki hupotea ndani ya maji ukikoroga. Mafuta ya injini au ya usukani huelea juu, macho ya duara yanayong'aa. Mteja mmoja alibisha hadi nilipomfanyia mbele yake. Alitazama ile glasi muda mrefu, akasema, "Basi huyo mtoto nitamwambiaje mama yake?"

Kama mafuta yameingia sasa hivi na hakuna aliyekanyaga pedali, una bahati: usiwashe, usikanyage, vuta yote kutoka kwenye kichupa, kisafishe, ulete gari kwa kuvutwa. Kama limeshatembea, hakuna njia ya mkato. Mabomba ya chuma husafishwa kwa mafuta mapya ya breki, na kila chenye raba hubadilishwa, pamoja na mipira, na kwenye gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) hata moduli yake inaweza kuwa imeharibika. Hapo ndipo chupa ya dola chache inazaa hesabu ya mamia.

Ngumu kama jiwe

Si mafuta. Zima injini, kanyaga mara tano, shikilia pedali, washa. Ikishuka kidogo, hidrovaki ni nzima. Isiposhuka, tafuta mpira wa vakyumu uliopasuka au hidrovaki yenyewe. Tuendelee.

Sasa chupa

Umeshajua kosa, na ni kweli mafuta yanahitajika. Anza na gari, si na duka. Kwenye kifuniko cha kichupa au pembeni yake kumeandikwa. Toyota nyingi zilizotoka Japani zina DOT 3, au BF-3, ambayo ni jina la Kijapani la daraja hilohilo. Gari nyingi za Ulaya zinataka DOT 4. Kwenye chupa za China utakuta HZY3, HZY4 au HZY5; ya tatu hiyo ina daraja la DOT 5.1, na herufi zisikutishe.

Gari la DOT 3 linaweza kupokea DOT 4. Zinachanganyika, na utapata nafasi zaidi kabla ya kuchemka. Kwa gari linaloshuka Ngomo mimi nashauri hivyo. Usirudi nyuma: gari la DOT 4 usilipe DOT 3. Gari mpya za Ulaya zenye ESP (mfumo unaozuia gari lisiteleze) mara nyingi hutaka DOT 4 nyepesi, ambayo lebo yake huandikwa Class 6, kwa kuwa vali ndogo za ndani zinahitaji mafuta yanayopita haraka. Ukiweka nzito, breki zitashika, lakini kompyuta haitafanya kazi yake vizuri kama ilivyopangiwa.

Mtego mkubwa uko kwenye tarakimu. Watu husoma 3, 4, 5, wakafikiri wanapanda ngazi. DOT 5 ni silikoni, rangi yake ni zambarau, hainywi maji, na haichanganyiki na hizo nyingine. Hushika viputo vidogo vya hewa, kwa hiyo haifai kwenye ABS. DOT 5.1 ni ya ukoo wa 3 na 4, licha ya jina. Nukta hiyo moja imeshanigharimu jioni nzima ya kusafisha. Na kama una Citroën ya zamani yenye mafuta ya kijani ya LHM, mafuta hayo ni ya madini, hayana undugu na chochote nilichotaja hapa; usiyahamishe wala usiyaletee wageni.

Dukani, pindua chupa, fungua kifuniko mbele ya muuzaji. Chini yake kuwe na karatasi ya alumini iliyobana. Kama imetobolewa, mrudishie. Chukua chupa ndogo inayotosha kazi, kwani ile nusu inayobaki chini ya kiti hunywa maji kama ile iliyo ndani ya gari. Rangi haitoshi kukupa jibu: mafuta meusi kama kahawa yamezeeka hakika, lakini mafuta ya njano safi yanaweza kuwa yamejaa maji. Kalamu ya kupimia yenye taa za kijani, njano na nyekundu inasaidia, ingawa mimi huamini tarehe zaidi kuliko taa.

Kuyabadilisha

Lita moja inatosha gari dogo. Vuta yaliyo kwenye kichupa, jaza mapya, kisha anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Hapa ndipo magari yetu yanapochanganya watu: vitabu vingi vya Kifaransa huanzia nyuma kulia, maana vimeandikwa kwa gari lenye usukani wa kushoto. Gari la usukani wa kulia, kama hizi Noah na Ist tunazopokea kutoka Japani, masta silinda iko kulia, kwa hiyo la mbali ni nyuma kushoto. Baadhi ya magari yana mpangilio wake, hasa yenye ABS; ukiwa na kitabu chake, kitabu kinashinda.

Kazi inataka watu wawili wanaosikilizana. "Kanyaga." "Nimekanyaga." "Shikilia." Fungua nipo robo mzunguko, mafuta yatoke kwenye mpira mwembamba uliozama ndani ya chupa yenye mafuta kidogo, funga. "Achia." Huyo wa ndani asiachie kabla hujafunga, hata kama nzi ametua puani, maana akiachia atavuta hewa na mtaanza upya. Kila baada ya mikanyago mitano au sita, tazama kichupa kisikauke. Endelea mpaka yanayotoka yafanane na yale unayomimina. Kwenye gari la zamani usimruhusu akanyage hadi chini kabisa; masta silinda ina kutu mahali ambapo raba haijawahi kufika, na ikifika inakatika. Weka kipande cha ubao chini ya pedali.

Ukimaliza, andika tarehe na aina ya mafuta kwenye kipande cha utepe mweupe, ubandike karibu na kichupa. Kisha washa, kanyaga kwa nguvu, shikilia dakika moja nzima huku mwenzako akipita na tochi kwenye kila nipo. Kama pedali haijasogea na vidole vyake vimerudi vikavu, toka polepole, jaribu kwanza kwenye tambarare za Nguba.